Kitu Ambacho Hakijasemwa Bado

Usiku wa jana aliyeota si mimi. Mimi nililala fofofo. Aliyeota ni Mwanahawa Semboja wa kitengo cha madai, katika ofisi ya bima iliyo juu ya duka la vitambaa pale Tanga mjini, na kwa kuwa najua ndoto hiyo hatamsimulia mtu mpaka anaingia kaburini, acha niisimulie mimi.

Kwanza mjue alilala na nini kichwani. Ijumaa meneja wao, Bwana Rweyongeza, aliwaita kwenye kikao akawaambia makao makuu yanataka ofisi ipungue mtu mmoja. Yeye hapendi kumwonea mtu, alisema. Kwa hiyo Jumatatu kila mmoja ataingia peke yake ofisini kwa meneja, atafunga mlango, na kumtajia mwenzake mmoja ambaye akiondoka kazi haitayumba. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wakatazama meza. Mzee Hiza wa uhasibu, ambaye huunga mkono kila kitu ili kikao kiishe awahi swala, akasema, "Naunga mkono hoja." Wakapiga makofi, wakaenda makwao.

Jumapili jioni Mwanahawa akatazama Paa Moja. Kipindi hicho mnakijua hata kama hamkijui: watu wasiojuana wanafungiwa kwenye jumba, kamera kila kona, na kila wiki wanamchagua mwenzao mmoja wa kumtoa. Mwanahawa hakikosi. Ukimwuliza anakipendea nini, atakwambia ni upuuzi tu, anapitisha muda. Mwongo. Anakipenda kwa sababu kazini watu wanauma na kupuliza na hakuna anayeona, lakini kwenye Paa Moja anayeuma anaonyeshwa meno yake yote. Halafu anakipenda kwa sababu yeye yuko upande huu wa kioo, kwenye kochi, na hakuna wa kumpigia kura ya kumtoa kwenye kochi lake mwenyewe.

Na mjue jambo moja zaidi, kubwa kuliko yote. Anayekaa meza ya jirani na Mwanahawa ni Namsifu Mbwambo, mjane, mwenye watoto na wakwe wanaomtegemea yeye. Namsifu anapokea simu za wateja waliopata ajali. Sikio lake la kushoto limekufa. Liliuma, likatibiwa, likafa hivyo hivyo. Meneja akijua, atasema mtu wa simu asiyesikia ni wa nini, na Namsifu hana kazi. Anayejua ni Mwanahawa peke yake. Ndiyo maana alihamishia meza yake kushoto kwa Namsifu, na mwenzake akiitwa kutoka upande huo, Mwanahawa humgusa kiwiko. Siku aliyomwambia, walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ofisi, Namsifu analia. "Mwanahawa," alisema, "wewe sasa ndiye sikio langu. Nisitiri." Mwanahawa akamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa ndoto.

Mwanahawa anaingia ofisini na ofisi imekuwa jumba la Paa Moja. Hashangai. Anachouliza ni kama chai ya saa nne bado ipo.

"Ipo," kinajibu kiyoyozi ukutani, "lakini mtainywa mkitazamwa."

Kiyoyozi kile hakijapuliza baridi tangu kinunuliwe. Hata hivyo kilikuwapo ofisini kabla ya Mwanahawa, kwa hiyo anakiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye msimamizi wa jumba. Vaa kipaza sauti chako, kiko kwenye kikombe."

Mwanahawa anakitoa kwenye kikombe, anakikung'uta chai, anakibana kwenye kola. Darini, mahali pa feni, kumening'inia kamera zinazogeuza shingo kama kuku wanaotafuta punje. Anakwenda kwenye meza yake akipita kwa Mzee Hiza, na anaona Mzee Hiza ameishia kiunoni. Kuanzia hapo kwenda chini ni kiti kitupu.

"Mzee, miguu yako iko wapi?"

"Imetolewa kwenye picha," anasema Mzee Hiza bila kuacha kujumlisha. "Sheria ya hapa, asiyetazamika anafutika. Mimi leo nimefunga hesabu za mwezi mzima bila kosa. Hakuna aliyetazama."

"Inauma?"

"Haiumi. Nimeizoea tangu nilipoajiriwa."

Kwenye meza ya mapokezi, Kibibi na dereva Mhando wanagombania chapati. Si kwa njaa, kila mmoja ana yake. Lakini wanavutana, wanatukanana kwa kupokezana, na wote wawili wamenawiri, wanang'aa kama watu waliotoka kuoga. Kamera zote ziko kwao. Mwanahawa anatamani kuwa na mtu wa kugombana naye.

Namsifu yuko kwenye meza yake, simu sikio la kulia, anampa pole mteja.

"Namsifu," kinaita kiyoyozi.

Kiyoyozi kiko kushoto. Namsifu anaendelea kutoa pole.

"Namsifu Mbwambo."

Mwanahawa anamgusa kiwiko. Namsifu anageuka, anatabasamu, anasema, "Abee." Kamera zinaiacha chapati na kugeuka zote kwa pamoja.

"Mwanahawa," kinasema kiyoyozi, "kwa nini umemgusa?"

"Nilikuwa namfukuzia inzi."

"Watazamaji wamempenda sana huyo inzi. Nenda chumba cha faragha ukatueleze habari zake."

Chumba cha faragha ni ile stoo ya karatasi. Ndani, kwenye kiti cha meneja, imekaa mashine ya fotokopi na imekunja nne. Mwanahawa anaisogelea kwa adabu. Mashine inamtazama kwa mwanga wake wa kijani, unaokwenda na kurudi polepole, na sauti yake ni ya mama wa watu, mpole, anayekukaribisha jikoni.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Masikini. Kaa. Hapa unaweza kusema lolote lililo moyoni. Tuko mimi na wewe tu, na nchi nzima."

Mwanahawa anakaa kwenye bunda la karatasi. Ni kweli, siku nyingi hajaulizwa kama amekula.

"Sema kitu ambacho hakijasemwa bado," inasema mashine.

"Bwana Rweyongeza anapaka nywele zake rangi nyeusi."

"Hiyo tunayo." Mashine inatoa picha ya Bwana Rweyongeza na brashi.

"Kibibi na dereva Mhando hawagombani kweli. Wakitoka kazini wanapanda pikipiki moja."

"Hiyo tunayo."

"Mimi," anasema Mwanahawa, na sauti inashuka, "saa nyingine hujifungia chooni nikalia, halafu nanawa uso narudi kazini."

"Hiyo tunayo pia, mwanangu, na ilichosha watu."

Mwanahawa anatazama chini. Viatu vyake havipo. Anapotazama tena, na vifundo vya miguu havipo. Anasugua pale palipokuwa na miguu na mkono unapita hewani.

"Sina kingine," anasema.

"Unacho. Kila mtu anacho. Urafiki mwaufanyia nini basi?"

"Siwezi."

"Ni sawa," inasema mashine, na hiyo huruma yake ndiyo mbaya. "Hakuna anayelazimishwa hapa."

Mwanahawa anafumba macho. Anapofumbua, yuko sebuleni kwa mama yake, Korogwe. Anaona kabati la vyombo, anaona kalenda ya msikiti, anaona makochi yenye vitambaa vya kufuma. Anataka kwenda kukaa, anagonga paji la uso. Yumo ndani ya televisheni. Mama yake yuko mbele yake, amepakata ungo, anachambua mchele na jirani yake Mama Shekilindi.

"Mama!" anaita Mwanahawa.

"Huyo ndiye mwanangu," mama anamwambia jirani, bila furaha.

Mama Shekilindi anakunja macho. "Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Siku zote amekaa?"

"Siku zote. Ana digrii."

Mama anaanza kupapasa kochi akitafuta rimoti. Mwanahawa anakigonga kioo kwa vidole.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe, mwanangu. Si nilikuzaa? Lakini mbona husemi kitu? Mwenzio Kibibi juzi kamwagiana chai na dereva, mtaa mzima haukulala."

"Mama, ukibadilisha nitafutika. Nimeshafika magotini."

"Basi sema kitu." Rimoti imepatikana, ilikuwa chini ya ungo. "Nimekusomesha, Mwanahawa. Nimekuombea kila swala. Usinitie aibu mbele ya jirani."

Kidole gumba cha mama kiko kwenye kitufe. Ni kidole kile kile kilichokuwa kikimpaka mafuta ya nazi kichwani akiwa mdogo. Kupoteza kazi Mwanahawa alishakuogopa, alishakupigia mahesabu, alishajua angeuza nini na angehamia wapi. Kuzimwa na mama yake mzazi kwa sababu hachangamshi, hilo hakujiandaa nalo. Magoti yamekwisha. Mapaja yanakwenda.

"Namsifu hasikii," anasema.

Mama anasimamisha kidole.

"Sikio la kushoto limekufa. Anapokea simu kwa sikio moja na meneja hajui. Mimi ndiye ninayemsikilizia. Yule inzi ni mimi."

Ungo unawekwa chini. "Jirani, umesikia?"

"Nimesikia! Kumbe!"

"Njooni! Njooni jamani, mwanangu anasema!"

Watu wanaingia sebuleni na viatu vyao. Watoto wanakaa sakafuni, wanaume wanasimama mlangoni, bibi mmoja anabebwa na kiti chake. Mama anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hajawahi kumtazama Mwanahawa namna ile, hata siku ya mahafali. Na Mwanahawa, mjue, anaona raha. Nasema raha na siliondoi neno. Inampanda kutoka unyayoni, maana sasa nyayo zimerudi, na zimerudi na viatu vipya vyekundu.

"Haya, mwanangu," inasema mashine ya fotokopi. "Si umeona? Haikuuma."

Inaanza kunguruma. Inatoa picha za sikio la Namsifu, kubwa, nyeusi na nyeupe, karatasi baada ya karatasi, zinapita chini ya mlango zenyewe. Mwanahawa anaikanyaga moja aizuie. Nyingine zinampanda mgongoni na kuendelea na safari.

Anafungua mlango azifuate, na nje ya mlango ni ukumbi wa sherehe.

Vitambaa vimepambwa darini, viti vimefungwa riboni. Bwana Rweyongeza amevaa suti nyeupe ya mshereheshaji na ameshika kipaza sauti kwa vidole viwili. Mwanahawa anaelekezwa meza kuu. Anasema yeye si wa meza kuu. Anaambiwa kuanzia leo ni wa meza kuu.

"Mabibi na mabwana," anasema Bwana Rweyongeza, "tumekusanyika kumuaga mwenzetu mpendwa. Mimi sipendi kumwonea mtu. Ni ninyi mmependa. Kuna mwenye swali?"

Watu wanatazama sahani zao. Kwenye kiti kimoja kisicho na mtu, sauti ya Mzee Hiza inasema, "Naunga mkono hoja."

Matarumbeta yanalia na Namsifu anaingia akisindikizwa, amevaa gauni la kitenge na kilemba, anapunga mkono. Sikio lake limebandikwa ukutani, refu kuliko mlango. Namsifu hajageuka huko. Bwana Rweyongeza anamweleza sababu za kuondoka kwake, anaeleza moja moja, lakini amesimama kushoto, na Namsifu anatabasamu mbele akidhani ni hotuba ya kumsifia. Anamtafuta Mwanahawa kwa macho. Mwanahawa anataka kumgusa kiwiko. Meza kuu ni ndefu mno, na mkono wake umebaki juu ya kitambaa, hauinuki.

Keki inaletwa na watu wanne. Ina umbo la sikio, nyeupe, ya ghorofa.

"Na sasa," anasema Bwana Rweyongeza, "kama ilivyo desturi yetu, mwenye sherehe atawalisha keki watu wake wa karibu. Yaani wote waliomtoa."

Foleni inapangwa. Wamo Kibibi na dereva Mhando, wameshikana mikono. Yumo mama kutoka Korogwe, yumo Mama Shekilindi na ungo, wamo watoto wa sebuleni. Wa mbele kabisa ni Mwanahawa. Namsifu anachoma kipande kwa kijiti, anakikinga kwa kiganja chini kisidondoke, kama anavyojua kukinga mtu aliyelea watoto.

"Shoga yangu," anamnong'oneza, "wanasema kuna mmoja kasema. Ni nani?"

Mwanahawa anafungua mdomo amwambie. Naamini alitaka kumwambia. Namsifu anaona mdomo umefunguka, anaweka keki.

Na mtu aliyelelewa vizuri hasemi na chakula mdomoni.

"Tamu?"

Mwanahawa anaitikia kwa kichwa. Machozi yanamtiririka.

"Basi tafuna taratibu, mama. Usije ukapaliwa."

"Mwanahawa," kinasema kiyoyozi, ambacho sasa kiko juu ya keki, "machozi hayo yatunze. Tuko kwenye matangazo."

Anayatunza. Namsifu analisha foleni nzima, hakosi hata mtu mmoja, anampa pole bibi aliyebebwa na kiti. Keki inapokwisha anafunguliwa mlango. Nje ya mlango ni ngazi za ofisi, ila hazifiki chini. Zinashuka tu. Namsifu anakunja gauni lake asilikanyage, anashuka moja, anageuka.

"Sasa Mwanahawa atabaki na nani?" anauliza, na anauliza kwa kujali, anawauliza watu wote.

"Makofi!" kinasema kiyoyozi.

Watu wanapiga makofi. Sheria ni kwamba atakayeacha wa kwanza ndiye wa wiki ijayo, kwa hiyo hakuna anayeacha. Mama anapiga makofi. Kiti kitupu kinapiga makofi. Mwanahawa anapiga kuliko wote, mashavu yamejaa keki ambayo haimezeki, na kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe, kiyoyozi kinapuliza baridi.

Hapo akaamka.

Kumekucha. Mdomo wake ulikuwa mtamu. Akapiga mswaki, utamu ukabaki. Akanawa uso kwa maji mengi, akanywa chai ya rangi bila sukari, na chai nayo ikawa tamu. Akajiambia ndoto ni ndoto, mtu akishiba wali wa usiku anaweza kuota hata amekuwa waziri.

Njiani alijipangia atakachomwambia meneja. Atamtaja Mzee Hiza, maana amebakiza kidogo astaafu. Au atajitaja mwenyewe. Au atasema, Bwana Rweyongeza, mimi sina wa kumtaja, fanya utakavyo. Alijipangia vizuri sana. Lakini tangu Ijumaa, kila alipojiuliza ni nani akiondoka kazi haitayumba, jina lililomjia lilikuwa moja, na lilipomjia aliwasha televisheni.

Namsifu alikuwa anamsubiri chini ya ngazi kama kila siku, ameshika maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Umeamkaje, Mwanahawa?"

"Salama tu."

"Hebu simama. Una nini hapo?" Akalamba kidole gumba kama mama wa watoto alivyo, akamfuta pembeni ya mdomo. Kidole kikatoka na kitu cheupe. Akakinusa. "Sukari ya keki! Asubuhi yote hii! Jana mlikuwa na sherehe ya nani, na mimi hata hukuniambia?"

Mwanahawa alikuwa amesimama kulia kwake, upande unaosikia. Akamzunguka kwa nyuma, taratibu, akasimama kushoto.

"Yako," akasema.

Namsifu akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, kama afanyavyo siku zote akiwa hakusikia na hataki kumsumbua mtu arudie.

"Wape hongera zangu," akasema, akamshika mkono, wakapanda ngazi.